Kombe la Bega la Kushoto

Nilipata mbili. Mbili kati ya kumi, na anayetaka kupita anahitaji nne. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililonichoma, na hadi leo linanichoma.

Mimi ni Zunilda Ayala wa Colonia Tacuaral. Kwetu shule ni moja, mwalimu ni mmoja, na mwalimu huyo ni mama yangu. Nilibeba bendera miaka mitatu mfululizo. Bendera ya shule haibebwi na mrefu wala mrembo. Hubebwa na yule aliyewashinda wote darasani, na siku ya sikukuu anavaa mkanda wa buluu na nyeupe kifuani, wazazi wa wenzake wanampigia makofi huku roho zinawauma. Nilizoea makofi hayo. Nilipokwenda mjini kusomea udaktari sikuwa na shaka kwamba yangenifuata.

Mtihani wa kwanza wa anatomia ulikuwa mwezi wa Mei, nao ulikuwa wa mdomo. Daktari Irma Gauna alikaa nyuma ya meza, mwanamke mdogo mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni, na pembeni yake sanduku la mifupa ya watu. Nilitia mkono kwenye kidude chenye vipira vya namba, kila namba na mada yake, nikatoa saba. Saba ni mifupa ya bega. Nilifurahi, nikajizuia nisitabasamu. Nikasimama wima, mikono nyuma, kisogo karibu kiguse ukuta, kama mama alivyonifundisha tangu nina miaka sita.

"Kombe la bega ni mfupa bapa," nikaanza, "wenye pembe tatu, unaokaa mgongoni, kuanzia ubavu wa pili hadi wa saba. Una nyuso mbili, kingo tatu..."

Kurasa nne. Sikuacha hata mkato. Daktari alinisikiliza kidevu kikiwa mkononi, akaniacha nifike mwisho kabisa. Halafu akachukua mfupa kutoka kwenye sanduku akaniwekea mkononi.

"Huu ni wa kulia au wa kushoto?"

Sikuwahi kushika mfupa wa mtu. Ulikuwa mwepesi ajabu, umegeuka manjano kwa kushikwashikwa, na katikati umekonda hadi mwanga wa dirishani ukawa unapenya. Nikaugeuza. Nikaugeuza tena.

"Wa kulia."

"Kwa nini?"

"Kombe la bega ni mfupa bapa, wenye pembe tatu..."

"Hapana, binti. Hayo nimeyasikia. Nakuuliza huo ulio mkononi mwako."

Kurasa zote nne zilikuwa kichwani, zimepangwa, nazisoma kabisa, na hakuna hata mstari mmoja ulionyoosha kidole ukasema ni huku.

"Ni wa kushoto," akasema, akauchukua. "Wewe ni redio nzuri sana, inasikika vizuri, haikwaruzi. Lakini mgonjwa haji na ukurasa. Mbili. Marudio ni baada ya wiki tatu. Ukikosa hayo, mwaka wako umekwenda."

Nilitoka na hasira, si huzuni. Nilitaka kurudi mle ndani nimwambie kuwa mimi nimesoma kuliko yeyote kwenye ile foleni, kwamba wengine walikuja na kurasa mbili wakapewa tano. Sikurudi. Nikapiga teke pipa la taka, likaniumiza mguu, hasira ikazidi.

Nieleze vizuri nilichokuwa naogopa. Halmashauri ya kwetu imepanga nyumba mjini kwa ajili ya watoto wa wilaya wanaosoma chuo. Ina vitanda sita, na kwenye mlango wa jikoni kumebandikwa sheria: anayepoteza mwaka anafunga virago, kwa kuwa yuko mwingine anangoja. Kutoka shule ya mama, wanne walikwishalala kwenye kitanda changu kabla yangu. Wote walibeba bendera. Wote walirudi nyumbani kabla mwaka haujaisha. Fermín anajaza mafuta kwenye njia panda. Olga anauza chipá kituo cha basi, vile vimkate vya unga wa muhogo na jibini, kikapu kichwani, kitambaa cheupe juu yake.

Mama alikuwa akinionyesha watu hao kwa kidole. "Wale walilewa mji," alikuwa akisema. "Wakasahau kilichowapeleka." Mimi nikaamini. Siku niliyoondoka nilinunua chipá tatu kwa Olga, akanitakia heri, na mimi nikapokea vimkate bila hata kumtazama vizuri usoni. Kurudi Tacuaral kabla ya Desemba maana yake ilikuwa kwenda kusimama kando yake na kikapu changu.

Jioni nilimpigia mama.

"Ulisimama wima?" akauliza kabla ya salamu.

"Nilisimama."

"Ukaanza mwanzo, hukurukia katikati?"

"Mama, nimepata mbili."

Nilisikia kuku wake wakigombana kwa mbali.

"Umesahau wapi?"

"Sikusahau popote. Nimesema yote, neno kwa neno."

"Basi wangekupa kumi, Zuni. Lazima kuna mahali umesahau. Fikiri vizuri."

Nikakata simu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumkatia mama simu, na mkono wangu haukusita hata kidogo.

Lautaro Vallejos alinifuata kesho yake uani. Alikuwa kijana wa mjini, mtoto na mjukuu wa madaktari, mcheshi, shati limenyooshwa na mtu mwingine. Yeye alipata tatu.

"Dada Zuni, mimi na wewe ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja," akasema. "Gauna amenimaliza. Mifupa naijua yote, nimeichezea tangu mtoto, nyumbani kuna sanduku zima la babu. Ila nikifungua mdomo yanatoka mavi matupu. Wewe una maneno, mimi nina mifupa. Njoo tusome."

Nilimwona muungwana. Nasema wazi, nilimwona muungwana, na ndiyo maana baadaye nilichukia hivyo.

Nilikwenda kwao kila siku baada ya chakula cha mchana, wakati mji mzima unalala kwa ajili ya joto. Tulikaa barazani watatu: Lautaro, binamu yake Pilar aliyepata tatu kama yeye, na mimi. Katikati ya meza mifupa ya babu, imekunjwa kwenye vitambaa. Pembeni tereré, maana huku hakuna anayesoma bila tereré: kikombe kimoja cha pembe kimejaa majani makavu ya yerba, unamimina maji ya barafu, mmoja ananyonya kwa bomba, anarudisha, unamimina tena, unampa wa pili. Anayemimina ni mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo halibadilishwi. Na anayerudisha kikombe akasema asante, maana yake ametosheka, asipewe tena.

Siku ya kwanza Pilar alinisukumia jagi la barafu. "Wewe uko karibu, shoga, mimina."

Nikamimina. Na kwa kuwa nilimimina siku ya kwanza, nikamimina ya pili, ya tatu na ya nane.

Kazi ilikwenda hivi. Mimi nasema ukurasa, polepole. Wao wanafuata kwa vidole. Nikisema "ukingo wa juu una pengo dogo," Lautaro anatia kucha kwenye pengo. Nikisema "pembe ya chini ni nene," Pilar anaibana kati ya vidole. Halafu wanafumba macho wanarudia maneno yangu, wakikosea nawasahihisha, na wakati huohuo namimina, napokea kikombe, namimina. Walicheka, wakanisifu. Lautaro alimwambia mama yake, "Huyu hapa ndiye kitabu chetu, mama, kina miguu na kinatengeneza tereré." Mama yake akacheka pia, akaniletea keki.

Ilikuwa siku ya tisa, imebaki wiki na nusu kasoro kidogo, nilipotazama mikono yangu. Ilikuwa imelowa na baridi, mmoja umeshika jagi, mwingine umeshika kikombe. Siku tisa. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwenye kombe la bega kwa siku tisa na sikuwa nimeligusa.

"Leo nataka kushika," nikasema. "Mwingine amimine."

"Tukimaliza huu wa mkono," alisema Lautaro.

"Sasa hivi."

"Ukishika wewe, nani atasema?"

"Someni kitabuni."

Wakatazamana. Pilar akaweka mkono wake juu ya wangu, kwa upole, na upole ule ndio uliomwagia moto mafuta. "Zuni, shoga yangu, mbona tumepangana vizuri? Wewe una kichwa, sisi tuna mikono. Tunasaidiana."

"Nitakwenda na mikono yenu kwa Gauna?"

"Usikasirike bwana."

"Nimekasirika. Nipeni kombe moja nikakae nalo siku tatu."

Lautaro alianza kulikunja kwenye kitambaa. "Dada, mifupa ya babu haitoki nyumbani. Si mimi, ni utaratibu wa familia. Nikikupa wewe, na mwingine atataka."

Nikamimina kikombe cha mwisho, nikajipa mwenyewe, nikanyonya hadi bomba likalia. Nikakiweka mezani.

"Asante," nikasema.

Walielewa. Lautaro alinifuata hadi getini akinieleza kwamba mimi mtu wa hasira za karibu, na nikamjibu kwamba za kwangu zimetoka mbali, zimesafiri kwa basi muda wa saa tano.

Maktaba ya chuo ilikuwa na masanduku manane ya mifupa kwa watu mia tisa wa mwaka wa kwanza. Unapanga foleni alfajiri, unaacha kitambulisho, mnapewa sanduku moja watu wanne, saa mbili tu. Siku mbili masanduku yaliisha kabla ya kunifikia. Siku ya tatu nikapata nafasi. Tulifungua sanduku namba sita na wenzangu nisiowajua, tukapanga mifupa mezani, na kombe la bega halikuwamo. Si la kulia wala la kushoto.

Nikarudi kwa mzee wa dirishani. "Mzee, makombe hayamo."

Akatazama karatasi yake. "Ni kweli, hayamo."

"Yamekwenda wapi?"

"Yamekwenda tu, binti. Mwaka juzi. Fuvu lakini ni zima, tazameni fuvu."

Nilikwenda uani nikampigia mama, na sikujua nampigia ili iweje hadi maneno yalipoanza kutoka.

"Wewe ndiye uliyeniharibu," nikamwambia. "Mikono nyuma, mikono nyuma, miaka kumi na miwili mikono nyuma. Ulinifundisha kuwa kasuku. Hapa kuna watu hawajui kusema sentensi mbili na watapita, maana mikono yao inajua. Mimi nitarudi huko, nitauza chipá, na wewe utasimama kituoni uwaambie watu kwamba nilisahau."

Nilisikia kule kwake kiti kikivutwa.

"Huo mfupa wenyewe ukoje?" akauliza.

"Mama, husikii ninachokwambia?"

"Nasikia. Ukoje?"

"Ni mfupa bapa, wenye pembe tatu, una mwinuko unaopita..."

"Si ndio huo wa nyama ya bega? Ule Don Rito wa bucha anaoutoa akimkata ndama?"

"Mimi nasomea watu."

"Rito anachinja Alhamisi," akasema.

Nikakata tena. Nilitukana peke yangu uani pale hadi kijana mmoja akahamisha kiti chake.

Jumamosi saa sita mchana mama aligonga mlango wa nyumba ya wanafunzi. Alikuwa na koti lake jeupe la ualimu, maana ndilo zuri alilo nalo la safari, na mfuko wa sukari uliofungwa kwa kamba ya katani. Ulinuka majivu na supu. Nidia, anayesomea sheria na kulala kitanda cha pili, akanusa akasema, "Mwalimu, leo tunakula?"

"Leo anakula huyu," mama akajibu, akanielekezea kidevu.

Chumbani akafungua mfuko. Makombe mawili ya ndama, yamechemshwa, yamesuguliwa kwa majivu, yameanikwa juani Ijumaa kutwa, meupe kuliko ya babu yake Lautaro. Makubwa kama sahani za kupakulia.

"Nimekwambia nasomea watu."

"Shika."

"Mama, utanichekesha bure na mimi sina..."

"Zunilda. Shika."

Nikashika. Akavua shali yake akanifunga macho, kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo. Akaanza kuongea, na haikuwa sauti yake ya darasani.

"Rito nilimkuta amefumba macho, ana usingizi, nikampa hili. Akaniambia la kushoto. Nikampa lile, akaniambia la kulia. Hajamaliza darasa la tatu, nilimfukuza mimi mwenyewe kwa kushindwa kusema mashairi. Nikamuuliza unajuaje. Akashangaa kwamba kuna mtu hajui. Akasema mwinuko unakimbia mbavu, kishimo kinatafuta mkono, upande mdogo unatazama kichwa. Basi. Ukishaweka hivyo vitatu, mfupa wenyewe unakwenda upande wake. Tafuta mwinuko."

Nikautafuta kwa dole gumba. Ulikuwa pale, mkali, umesimama.

"Uelekeze nje, mbali na mbavu. Kishimo kiko wapi? Na ule upande mdogo, juu ya mwinuko, uelekeze kichwani. Ni la wapi?"

Nililiona. Macho yamefungwa na nililiona mwilini kwangu, likatua mgongoni upande wake bila mimi kulisukuma.

"Kushoto."

Akalichukua, akanipa tena, akanigeuzia, akanidanganya, akanipa lile lile mara tatu. Tuliendelea hadi chakula kikapoa jikoni. Nilipofungua shali mikono yangu ilinuka majivu, na nilikuwa bado na hasira, na sikujua tena niielekeze wapi.

"Kwa nini hukunifundisha hivi tangu mwanzo?"

Mama alikuwa akikunja mfuko wa sukari, kwa uangalifu, pembe kwa pembe. "Kitabu kilikuwa kimoja," akasema.

"Kipi?"

"Kila kimoja. Watoto thelathini na mmoja, kitabu cha sayansi kimoja, cha historia kimoja. Kila nyumba ilikaa nacho wiki moja, halafu kinakwenda kwa jirani. Kilichobaki kwako ni ulichokitia kichwani kabla ya Ijumaa. Mikono nyuma niliwawekea ili msiguse kitabu cha mwenzenu mkakichafua." Akaweka mfuko kwenye mkoba. "Nilidhani kila mahali kusoma ni hivyo. Mimi pia nilisoma hivyo."

Nikambebea mkoba hadi kituoni. Alipanda basi la saa kumi, maana Jumapili hakuna basi, na Jumatatu shule haifunguliwi na mtu mwingine.

Siku ya marudio nilikaa kwenye benchi nje ya mlango na Lautaro akaingia kabla yangu. Mlango ule haufungiki sawasawa. Nilimsikia akisema kuhusu kombe la bega, na yalikuwa maneno yangu. Si ya kitabu, yangu, mpangilio wangu, hadi mahali ninapovuta pumzi baada ya "kingo tatu" naye akavuta pumzi palepale. Nilishika ubao wa benchi kwa mikono miwili nisije nikaingia ndani.

Akatoka anang'aa. "Sita. Zuni, umeniokoa. Njoo Jumapili nyumbani, utakaa tu, nitamimina mimi."

"Kammiminie babu yako," nikamwambia, nikaingia.

Daktari Gauna alisogeza kando kile kidude cha vipira. "Wewe tutaanzia tulipoachia," akasema, akaniwekea kombe mkononi. Halikuwa lile la kwanza. Lilikuwa dogo zaidi, labda la mwanamke.

Nikafumba macho. Dole gumba likaenda lenyewe.

"Kushoto."

"Kwa nini?"

"Mwinuko unakimbia mbavu. Kishimo kinatafuta mkono. Upande mdogo unatazama kichwa."

"Hayo hayamo kitabuni."

"Hayamo."

"Ni ya nani?"

"Ya muuza nyama wa kwetu."

Hakucheka. Alitia mkono kwenye sanduku akanipa jingine. La kulia. Akanipa jingine, akasema nilishike nyuma ya mgongo, na nilipoambiwa hivyo nusura nicheke mimi, kwa sababu mikono nyuma ndiyo elimu yangu yote. Kushoto, nikasema. Akaniuliza mtulinga, akaniuliza mfupa wa mkono. Sikuwa na ndama wa hayo yote, lakini nilishajua namna ya kuuliza mfupa swali. Mmoja nilikosea, nikaugeuza, nikajisahihisha mwenyewe.

"Sasa niambie yaliyomo kitabuni," akasema.

Nikasema. Kurasa nne, kidole kikitembea juu ya mfupa kwa kila neno.

Akaandika saba kwenye kijitabu changu cha alama, akatia saini. Halafu akavua miwani. "Ungesema tangu siku ile kwamba hujawahi kushika mfupa."

Nilikuwa nimepita. Nilipaswa kupokea kijitabu niondoke. "Hakuna aliyeniuliza, Daktari," nikasema. "Mlinipa orodha ya vitabu, nikavijua vyote. Masanduku ni manane, na la sita halina makombe tangu mwaka juzi. Ndama ameletwa na mama yangu kwa basi."

Akavaa tena miwani. "Mwite anayefuata," akasema, na nilipofika mlangoni nikamwona anaandika kitu kwenye karatasi, namba sita, akaizungushia duara.

Nilimpigia mama nikiwa bado kwenye ngazi.

"Saba," nikamwambia.

Hakuuliza kama nilisimama wima. Nilisikia watoto nyuma yake, mapumziko, mtu analia kwa sababu ya mpira.

"Olga alibeba bendera miaka minne," akasema.

"Najua, mama."

"Kuliko wewe. Aliporudi alinijia nyumbani, akaniambia mwalimu, nilikuwa najua yote, sielewi imekuwaje. Nikamwambia umesahau. Nikamwambia tena kituoni, mbele za watu, alipokuwa na kikapu. Na Fermín vilevile. Na wale wengine wawili." Sauti yake ilikuwa imenyooka, kama anasoma majina ya mahudhurio. "Nimewaambia hivyo miaka yote, Zuni. Nao wakaniamini."

Nilikuwa nimebeba hasira yangu wiki tatu, nikiielekeza kwa kila mtu, na hata siku moja sikukumbuka kumkasirikia mtu kwa ajili ya Olga. Nilinunua vimkate vyake na sikumtazama usoni.

"Kesho naenda kituoni," akasema mama.

"Kumwambia nini?"

"Kwamba hakusahau kitu."

Kengele ya shule ikalia kule kwake. Mama hajawahi kuchelewa kengele, na siku ile aliiacha ikalia.

"Usiende mikono mitupu, mama," nikamwambia. "Pitia kwa Don Rito, umpelekee kombe naye ashike."